Karatasi Chungu

Wenzake maabara walimwita Darubini, maana jicho lake halikosei. Kazi yake ilikuwa kutazama chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Mwaka ule alijifunza jambo lililomkosesha usingizi: baadhi ya chembe hizo zina vionjo vya uchungu, kama vya ulimi. Vijidudu vikitoa uchungu wao, chembe huuonja, zikajua adui yuko ndani.

Mdogo wake, fundi seremala, alikuwa amelazwa mara ya nne kwa kifua kilekile. Darubini alimpelekea wodini vipande viwili vya karatasi ya kupimia, vilivyotiwa dawa chungu.

"Weka ulimini," alimwambia akimpa kimoja, naye akaweka cha pili ulimini mwake. Papo hapo Darubini alikunja uso na kutema. Mdogo wake alitafuna taratibu.

"Dada, hii si karatasi tu? Ungeniletea hata yenye chumvi."

Mama yao, aliyeketi kitandani, alicheka. "Huyu tangu mdogo ni jasiri. Dawa chungu aliinywa kama uji. Wewe ndiye tuliyekukimbiza nyumba nzima."

Darubini hakucheka. Alimwomba mdogo wake damu kidogo, akarudi kazini. Chini ya darubini, chembe zake mwenyewe zililikimbilia tone chungu la vijidudu. Za mdogo wake hazikutikisika.

"Si hilo peke yake," daktari mkuu alimwambia. "Wako wengi wasioonja uchungu na wanazeeka salama. Huyu amevuta vumbi la mbao miaka ishirini. Mawili yamemkuta pamoja."

"Hakuna cha kuziamsha chembe zake?"

"Bado tunatafuta. Kwake, dada yangu, maji yameshazidi unga."

Mdogo wake alikata roho Alhamisi mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama. Darubini ndiye aliyemfumba macho.

Baada ya maziko, wifi yake alimvuta pembeni, binti wa marehemu wa miaka minne akiwa amemlalia begani, anakohoa.

"Wifi, na huyu je?"

"Mlete Jumatatu nimpime. Vyovyote itakavyokuwa, karakana asiikanyage. Na kikohozi kikizidi siku mbili, usingoje."

"Baba yake tungemwambia hivyo mapema..."

"Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia," alisema Darubini, akampokea mtoto.