Wageni wa Nuriye

Zamu ya kutoa nia ya sala ilipomfikia, Gaudensia alifumba macho.

"Namwombea mama mmoja anaitwa Nuriye," alisema. "Ni mjane. Nyumba yake inataka kubomolewa, na mwanawe wa pekee anaona haya kutembea naye barabarani. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitika wanajumuiya waliojaa sebuleni kwa Philemon, kule Edmonton, London.

Hakusema kwamba Nuriye ni mtu wa kitabuni. Wala hakuona kama ni jambo la kusema. Riwaya hiyo alikuwa akiisoma ndani ya basi, akienda na kurudi kwenye kazi yake ya kuhudumia wazee, na kidogo kidogo yule mama wa Istanbul alikuwa amemwingia moyoni kama jirani. Na Gaudensia, akishaingiwa na mtu moyoni, humwombea. Ndivyo alivyo.

Rozari ikasaliwa yote, makumi matano, kwa ajili ya Nuriye. Baada ya baraka, Philemon, mwenyekiti, alikohoa kidogo kama afanyavyo kabla ya matangazo.

"Huyu mama Nuriye, dada Gaudensia, tunakwenda lini kumpa pole?"

Gaudensia alishtuka. Alikuwa amesahau desturi yao wenyewe: mtu akitajwa kwenye nia kuwa ana shida, jumuiya haiishii kwenye sala. Inakwenda kwake na chakula, inakaa, inaondoka imeacha nyumba ina joto.

"Anakaa mbali," alisema.

"Mbali wapi?" akauliza Vaileth, ambaye sauti yake haijui kunong'ona. "Thamesmead?"

"Mbali zaidi. Ni... ni Mturuki."

"Mturuki! Hapa Edmonton Waturuki si ndio wametuuzia hata hizi nyanya? Mwenyekiti, pilau napika mimi. Alhamisi niko off."

"Alhamisi jioni nina darasa," alisema Gaudensia.

"Vizuri. Tutakufuata hukohuko darasani, twende pamoja."

Wakati wa kusema ulikuwa ni huo, naye akaupitisha. Alirudi nyumbani akijilaumu. Jumuiya ndiyo iliyompokea alipofika London hajui hata basi linasimamishwaje. Majuzi tu walikuwa wamemchagua kuwa kiongozi wa sala. Sasa, wakijua amewapigisha magoti kwa ajili ya mtu wa kubuni, nani atapiga magoti tena akiongoza yeye? Kila siku aliishika simu ampigie Philemon, na kila siku aliiweka chini.

Alhamisi ikafika. Darasa la riwaya analosoma Gaudensia hukutana katika chumba cha juu cha maktaba. Mwalimu ni Sushila, mama wa mtaa wa Kingsbury aliyezaliwa Mwanza, na mwaka huu walikuwa wakisoma jinsi watunzi wa Kituruki walivyouchora mtaa wa mjini nchi yao ilipokuwa ikigeuka ya kisasa: kofia mpya, herufi mpya, tramu, nyumba za mbao zikipisha maghorofa. Jioni hiyo ilikuwa zamu ya Gaudensia kueleza riwaya yao inauonyeshaje mtaa ukibadilika.

Alisimama na karatasi yake. "Nyumba ya Nuriye ni ya mbao," alianza, "na kadiri mtaa unavyobadilika ndivyo inavyolegea. Ngazi zinalia. Dirisha halifungi. Kwa hiyo nyumba ni kama Nuriye mwenyewe."

"Sawa," alisema Sushila kwa upole. "Hilo tulilisema wiki iliyopita. Wewe umeona nini?"

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa. Akaingia Philemon ndani ya suti yake ya Jumapili, nyuma yake Vaileth amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa kitenge, na nyuma yao wengine watatu wamebeba sahani za karatasi na blanketi jipya.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Philemon kwa mazoea.

"Karibuni," akajibu Sushila kwa Kiswahili, bila kujua aseme nini kingine.

"Ahsante, mwalimu. Samahani kuwakatiza. Tunamfuata dada yetu atupeleke kwa mama Nuriye."

Mzee Abdulwakil, Mzanzibari aliyekaa kiti cha mbele, aligeuka polepole. "Nuriye yupi? Huyu wetu wa kitabuni?"

"Wa kitabuni vipi?" akauliza Vaileth.

Gaudensia aliinua kitabu. "Nuriye yumo humu," alisema. "Sikukusudia kuwadanganya. Nilimwombea kwa sababu alinihuzunisha. Mlipotaka kwenda kwake, nikaona haya kusema."

"Rozari ile nzima?" akauliza Philemon.

"Nzima."

"Na mimi nimefunga jana!" Vaileth alipaza sauti. "Nimepita mbele ya kuku wa kukaanga nikageuza uso! Kwa mtu wa hadithi!"

Abdulwakil alijifunika uso kwa kofia yake, mabega yakicheka peke yake.

Lakini Philemon hakucheka. "Dada, sala si mchezo."

"Najua, mwenyekiti. Mkiona mtafute kiongozi mwingine wa sala, sitanung'unika."

Vaileth aliishusha sufuria mezani. "Ngoja kwanza, mwenyekiti, kabla hujahukumu. Hiyo nyumba imeshabomolewa?"

"Bado. Zimebaki sura mbili."

"Na majirani zake wanasemaje?"

Gaudensia alikifungua kitabu awatafute. Mwanzoni mtaa ulikuwa umejaa: mchota maji, wanawake wakiitana madirishani, bakuli la jamu likivuka barabara kutoka nyumba hii hadi ile. Akaruka mbele. Bomba lilipoletwa, mchota maji hakutajwa tena. Ghorofa la kwanza liliposimama, madirisha yakanyamaza. Akafunua tena, na tena.

"Hawapo," alisema. "Vaileth, hawapo! Wanaondolewa mmoja mmoja, na hakuna anayeaga. Kila kitu kipya kikiingia, jirani mmoja anatoka. Mimi nilikuwa naikodolea macho nyumba. Kumbe kinachobadilika ni mlango: mwanzo unabishwa kila ukurasa, na toka katikati ya kitabu hakuna aliyeubisha."

Sushila alikaa juu ya ukingo wa meza. "Endelea."

"Basi sidhani kama ghorofa ndilo linalomuumiza Nuriye. Anaumia kwa sababu mwandishi amemwacha peke yake. Amefanya usasa na upweke vionekane ni kitu kimoja."

"Mie simkubali huyo mwandishi," alisema Abdulwakil. "Sisi nyumba yetu ya Ng'ambo, kule Unguja, ilivunjwa yakajengwa maghorofa. Walikuja majirani wote, hata tusiosemezana nao. Wengine walikuja kubeba vitanda, wengine kuiba milango, lakini walikuja!"

"Milango yenu mliiona tena?" akauliza Vaileth.

"Mmoja. Nilialikwa harusini, nikaingilia mlango wetu."

Hata Philemon alishindwa kujizuia. Sushila alicheka, kisha akasema, "Lakini tusimwonee mwandishi. Wapo watunzi waliouchora mtaa wa zamani kama peponi, na wapo walioona matope tu na umbea, wakawavusha vijana wao daraja kwenda mitaa mipya yenye taa. Huyu wetu labda alihama kwao kijana, na aliporudi hakumkuta mtu. Anaandika alichokikuta. Gaudensia, huko ndiko kuona. Kaa, zamu yako umeimaliza vizuri."

Gaudensia hakukaa. Alikuwa akimtazama mwenyekiti wake.

Philemon alikivuta kitabu, akakipindua huku na huku kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. "Kwa hiyo," alisema, "mama huyu tangu katikati ya kitabu hajabishiwa hodi?"

"Hata mara moja."

"Na sala tulishaipeleka. Siwezi kwenda kuirudisha niseme tumekosea anwani." Alikohoa kidogo. "Huko mbinguni wana wajane wa kutosha wa kuigawia. Sisi pole tulishaitangaza, na jumuiya hii haijawahi kutangaza pole isiitoe. Dada Gaudensia, wewe ndiye mwenyeji, tukaribishe."

"Hapa?"

"Unapajua mahali pengine anapokaa?"

Sushila alilitazama tangazo la ukutani linalokataza chakula, akalitundikia koti lake. Wanafunzi wakasogeza viti. Kitabu kikawekwa katikati ya meza, wazi, na Vaileth akakifunika blanketi nusu, akisema Istanbul kuna baridi, yeye ameona kwenye simu. Philemon akafunga kifungo cha koti. "Mama Nuriye, sisi ni wanajumuiya kutoka Edmonton. Tumesikia habari zako. Tumekuja kukupa pole, na kumwambia mwanao, popote alipo kwenye kitabu hiki, kwamba anatutia aibu."

"Aamina!" alisema Abdulwakil, wa kwanza kabisa.

Kitenge kikafunguliwa, mvuke wa pilau ukapanda, na darasa zima likasogea.

"Karafuu umetia chache, bibie," Abdulwakil alinong'ona.

"Mzee, hujaonja hata punje!"

"Naonja kwa pua."

"Jamani, kimya," alisema Philemon. "Kiongozi wa sala atuombee kabla hatujala."

Gaudensia aliinamisha kichwa. Alivuta pumzi, akaanza ishara ya msalaba, kicheko kikamkamata. Ikabidi aanze upya, na mara hiyo pia hakufika mbali.