Vidole vya Bibi Ardella

Kituo chetu cha kulelea watoto kilikuwa chini ya kanisa la Kilutheri la Halvorby, Minnesota, na mkurugenzi wake, Marlys Engebretson, alikuwa mtu wa sheria kuliko sheria yenyewe. Yeyote aliyetaka kufanya kazi na watoto ilimbidi achunguzwe kwanza: jina, tarehe ya kuzaliwa, alama za vidole, kisha jimbo lilete barua kwamba huyu hana doa. Bila barua huingii darasani. Mwaka mmoja alimzuia mlangoni Santa Klaus, ambaye sote tulijua ni mchungaji wetu, akamfanya agawe zawadi kupitia dirishani huku theluji ikimmwagikia, kwa sababu barua yake ilikuwa haijarudi.

"Mchungaji, nakuheshimu," alimwambia, "lakini ndevu si kitambulisho."

Sasa mtu huyohuyo ndiye aliyeshindwa na Ardella Skoglund.

Ardella alikuwa na miaka sabini na sita, mjane, mpishi mstaafu wa shule. Alikuja siku moja ya Novemba kuwaonyesha watoto namna ya kusukuma lefse, ule mkate wetu mwembamba wa viazi. Mgeni wa siku moja, mwalimu yupo, hakuna kosa. Akarudi Jumanne. Akarudi Alhamisi. Mwezi haukuisha akawa anakuja kila siku baada ya chakula cha mchana, anakaa sakafuni kwenye darasa langu la wadogo, anavuma nyimbo za kanisani puani, na watoto kumi na mmoja wanalala kama waliozimwa kwa swichi. Kabla yake, mimi kuwalaza wale watoto ilikuwa vita, na nilikuwa nashindwa.

Marlys alimpa fomu. Ardella akaikunja akaitia mkobani.

"Umeenda kupiga alama za vidole?" Marlys akawa anamuuliza kila wiki.

"Goti, mwanangu. Wiki ijayo."

Wiki iliyofuata ilikuwa theluji. Iliyofuata, betri ya gari. Iliyofuata, mbwa wake alikuwa na huzuni, hawezi kuachwa peke yake. Marlys alikuwa anatikisa kichwa, anarudi ofisini, anafunga mlango. Nami? Mwenye kulaziwa watoto kumi na mmoja hakosoi muujiza.

Mkaguzi wa leseni akaja Februari, bila taarifa, kama kawaida yao. Bwana Kessenich, mrefu, mpole, ana kikohozi cha adabu. Nilimwona kupitia kidirisha cha mlango akikung'uta viatu pale juu ya ngazi, na Marlys alimwona pia. Alitufikia mbio. Sikuwahi kumwona akikimbia.

"Ardella, vaa koti. Wewe ni bibi aliyekuja kumchukua mjukuu wake."

"Mjukuu yupi?"

"Yeyote!"

Ardella akavaa koti, akavaa na kofia, akamshika mkono mtoto aliyekuwa karibu, Solveig, wa miaka minne. Bwana Kessenich akaingia. Akatusalimu. Akamtazama Ardella.

"Unaondoka, mama?"

"Ndiyo, nampeleka mjukuu wangu nyumbani. Ana kikohozi."

Solveig akamtazama kwa mshangao. "Mimi sina kikohozi. Na bibi yangu yuko Arizona."

Ardella hakukata tamaa. "Mimi ni bibi wa upande wa pili."

"Wa upande wa pili alikufa," Solveig akasema, kisha akaongeza, kumsaidia mkaguzi aelewe vizuri, "Huyu ni Bibi Ardella. Ndiye anayetulaza kila siku. Kwa nini umevaa kofia, Bibi?"

Nilijifanya natafuta kitu kabatini, kichwa nikakiingiza humohumo mpaka kicheko kikanipita.

Kama hilo halikutosha, palikuwa na daftari la wageni pale mlangoni. Bwana Kessenich alilifungua akakuta kwamba Ardella, mtu mwaminifu, alikuwa amejiandikisha kila siku tangu Novemba kwa mwandiko mzuri wa mpishi aliyezoea kuandika orodha ya vyakula: saa aliyoingia, saa aliyotoka, na pale penye "sababu ya ziara" ameandika "kulaza watoto". Mara arobaini na tatu.

Marlys hakujitetea. Alivua miwani yake. "Hajachunguzwa," akasema. "Nilijua. Kila mchana nilijua."

"Asante kwa kusema ukweli," Bwana Kessenich akajibu, akakohoa kidogo. Akakaribishwa lefse yenye siagi na sukari. Akakataa. Akakaribishwa tena, akakataa. Mara ya tatu akakubali, kama desturi yetu inavyotaka, akala mbili huku akijaza fomu ya makosa. Kisha akamwambia Ardella kwa upole atoke nje ya jengo na asirudi mpaka barua yake ije.

Wiki tatu baadaye ikaja barua kutoka St. Paul, makao makuu ya jimbo. Faini ya dola mia mbili, na zaidi ya hiyo, tangazo la kosa libandikwe mlangoni ambapo kila mzazi ataliona, likae hapo miaka miwili. Marlys alilibandika mwenyewe, kwa pini nne, akalipima kwa rula lisiende upande. Faini hakuitaja hata mara moja. Tangazo ndilo lililomuuma.

Wazazi wa kwetu hawagombi. Wanakuletea keki na kukuuliza hali kwa sauti ya msibani. Kwa siku nne tulikula keki mpaka tukazichukia. Ni baba mmoja tu, fundi bomba, aliyesimama mbele ya tangazo akasoma mpaka mwisho, akamgeukia Marlys.

"Mimi nampenda Ardella. Alinilisha miaka kumi na miwili pale shule. Lakini kama ulimwachia yeye kwa sababu unampenda, mimi nitajuaje ni nani mwingine unayempenda?"

Marlys akasema, "Hutajua. Ndiyo maana limebandikwa." Aliingia ofisini, na safari hii aliufunga mlango kwa ufunguo.

Hapo nikaona basi, mambo ya goti na mbwa yamekwisha. Jumamosi nikaenda na gari langu mpaka kwa Ardella, nikamwambia, "Panda. Tunaenda kupiga vidole."

Alipanda. Maili ya kumi na moja akasema, "Renata, nina rekodi."

Nilikaribia kuingia mtaroni.

"Niliiba samaki," akasema.

Mwaka 1969 alikuwa na miaka ishirini. Mji wa Rask Lake, kaunti ya pili, ulikuwa na sanamu ya samaki kando ya barabara kuu, mita nne za waya na plasta, na watu wake walikuwa wakijivuna nayo mpaka kero. Ardella na binamu zake wawili wakaenda na trekta na mkokoteni wa majani mchana wa Jumapili, watu wakiwa kanisani, wakamng'oa samaki. Maili mbili mbele mkia ukakatika ukaziba barabara. Binamu wakatokomea kwenye mahindi. Polisi wa kaunti akamkuta Ardella peke yake, ameukumbatia mkia, anajaribu kuuinua.

"Akanipeleka kituoni, akanipaka wino, akachukua vidole vyote kumi. Akaniuliza jina."

"Ukasema?"

Aliangalia nje dirishani. "Nikasema Beverly Tollefson."

Sasa, Beverly Tollefson ni jina la usichana la mama yake Marlys.

"Ardella! Kwa nini Beverly?"

"Kiangazi kile walimchagua yeye Malkia wa Maziwa, lile taji la mabinti wa wafugaji wa ng'ombe, kaunti nzima. Mimi nikawa wa pili. Kwa kura moja, Renata. Ng'ombe wake hata hakuwa msafi."

Barua ya faini ilifika kwa kina Beverly, baba yake akaifungua, na kufikia saa sita mchana Halvorby yote ilijua kwamba malkia ameiba samaki. Ardella alingoja Beverly akane. Beverly hakukana. Miaka hamsini na sita ikapita, na Marlys amekulia kwenye hadithi kwamba mama yake, yule mwanamke mtaratibu asiyevuka barabara mpaka taa ziruhusu, aliwahi kumbeba samaki mzima.

"Na sasa," Ardella akasema, "nikiweka vidole kwenye kile kioo, kompyuta itamwambia Marlys kwamba mimi ni mama yake."

Nilimwambia bora Beverly asikie kutoka kwake kuliko kutoka St. Paul. Kwa hiyo tulipita kwanza nyumba ya wazee, tukamkuta Beverly kwenye kiti chake akifuma soksi. Ardella akabaki amesimama na kofia mkononi, akasema yote kwa pumzi moja, mpaka ile kura moja.

Beverly aliendelea kufuma mpaka akafika mwisho wa mstari.

"Unadhani sikujua?" akasema. "Siku ile ya samaki nilikuwa nyumbani na mafua. Na kesho yake niliona kwa macho yangu vumbi la plasta kwenye trekta yenu."

"Mbona hukusema?"

"Arne Moen hakuwahi kunitazama hata mara moja. Malkia wa maziwa, kwake ilikuwa nini? Barua ile ilipokuja, akaja mpaka kwetu kuniuliza, 'Ni kweli ni wewe?' Kwa macho yale. Ungemjibu nini wewe? Tukaoana, tukaishi miaka arobaini na nane." Akamnyooshea Ardella sindano ya kufumia. "Sasa nisikilize, wewe mwizi. Samaki ni wangu. Ukienda kukiri kwa mtu kabla sijafa, nitakushtaki kwa kuniibia mara ya pili."

Ardella akakaa kitandani, akaanza kucheka, na Beverly naye, mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Nililazimika kuwakumbusha kwamba tuna miadi.

Kule kwenye kituo cha alama za vidole kijana wa mashine alimbonyeza Ardella kidole kimoja kimoja juu ya kioo, akafuta kioo, akarudia, akakuna kichwa.

"Mama, huna vidole."

"Hivi ninavyokuonyesha ni karoti?"

"Namaanisha alama. Zimefutika."

Miaka arobaini ya kukanda unga na kuosha masufuria ya shule kwa maji ya moto ilikuwa imezisugua zote. Tulitumwa mara ya pili baada ya wiki mbili, na kijana akapata vilevile: weupe mtupu. Sheria inasema ikishindikana mara mbili, mtu huchunguzwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Na kwa jina, Ardella Skoglund hajawahi kufanya kosa lolote maishani, hata la kuegesha gari.

Barua yake ilikuja Aprili. Hana doa. Alinipigia simu akanisomea, na sauti yake, nikisema kweli, ilikuwa na uchungu kidogo, kama ya mtu aliyepokonywa samaki wake.

Beverly alifariki masika yaliyofuata, na samaki alitajwa kanisani mara mbili. Baada ya mazishi Ardella alimweleza Marlys ukweli wote, mimi nikiwa shahidi. Marlys alisikiliza hadi mwisho, akamimina kahawa, akasema kwamba yeye amelelewa na mama aliyeiba samaki, na hana mpango wa kulelewa upya.

Lakini nirudi Aprili ile. Siku Ardella aliporuhusiwa, Marlys alimpokea mlangoni, akaikagua barua mbele na nyuma, akaitoa nakala mbili, akamfungulia. Watoto wakamvamia miguuni. Solveig alibaki nyuma, amekunja mikono, ana kinyongo cha miezi miwili.

"Ulikuwa wapi?"

Ardella alijishusha sakafuni taratibu, goti moja kisha jingine, akamnong'oneza, "Jela."

Solveig akawatangazia wenzake wote, na siku ile walilala dakika tano tu. Na Marlys alikaa kwenye simu mpaka saa kumi na moja jioni, akiwaeleza wazazi kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, kwamba ule ulikuwa utani.