Viatu vya Kabati la Kioo

Sehemu ya kati ya kabati la kioo ilikuwa tupu, pale palipokaa viatu vya Mkwe, na Fundi alisimama mbele yake na kopo la gundi mkononi akijaribu kujishawishi kwamba ameibiwa. Wizi angeupokea kwa mikono miwili. Mwizi akienda kuvunjika shingo na viatu vya watu, hayo ni yake na Mola wake. Lakini kufuli lilikuwa zima na limefungwa vizuri, na ufunguo wa akiba ulikuwa nyumbani, ndani ya buli bovu la chai, mahali ambapo zaidi yake alipajua mtu mmoja tu. Mtu huyo ni mama yake mzazi.

Kijasho chembamba kikamtoka.

Ili uelewe kwa nini mtu mzima aogope viatu, ni lazima uijue biashara yenyewe. Fundi, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomwita mwanamke huyu, mashemeji nao wakiwemo, alitengeneza viatu vya kike vya kufanana na vya mastaa, kwa bei isiyomtoa mtu roho. Mteja anakuja na picha kwenye simu, anasema, "Nataka kama hiki, ila kisiniumize mfuko," na anatengenezewa. Siku hizo kila mwanamke alitaka viatu vya Mkwe. Mkwe ni mwigizaji wa tamthilia, mwanamke aliyevuka sitini, anayeigiza mama mkwe mwenye ulimi wa wembe, na jina la mchezo lilimganda mpaka watu wakalisahau lake. Kila akitokea, kamera inaanzia miguuni: viatu rangi ya damu ya mzee, kisigino kirefu cha dhahabu. Wasichana wanaowakimbia mama wakwe zao wenyewe kama ugonjwa wa kuambukiza walikuwa wakipigana vikumbo wavae kama huyu.

Sasa, kisigino cha kiatu cha mteja hufungwa kwa skrubu nene inayopita kutoka ndani, na misumari midogo kuizunguka, ndipo soli ya ndani inabandikwa juu kuificha kazi yote. Ukiwa na kiatu cha namna hiyo unaweza hata kukimbilia basi. Kiatu cha kabatini ni habari nyingine. Mastaa hawana msimamo: leo kisigino chembamba, kesho kinene, keshokutwa cha pembe tatu, na Fundi hakuwa mwendawazimu wa kutengeneza jozi mpya kila staa anapobadilisha mawazo. Alikuwa na jozi moja tu ya maonyesho. Visigino vya msimu alivibandika kwa gundi, akaviweka kwenye kioo, akavipiga picha. Mtindo ukipita, anakishika kisigino, anakizungusha mara moja, kinaachia, anabandika kingine. Kwa macho ya mtu hakuna tofauti yoyote.

Na kwenye picha hizo, miguu ilikuwa ya mama yake.

Mama alijaliwa miguu. Mwili mwingine ulikuwa umekubali uzee, lakini vifundo na nyayo vilikataa katakata. Katika ukurasa wa Fundi wanaume wenye ndevu zao waliisifu miguu ile kwa maneno ambayo, kama wangejua wanamwandikia bibi wa watu, wangezizika simu zao. Mama alisomewa maneno hayo akacheka mpaka akashika mbavu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti, kuvishwa, kunyoosha mguu, basi. Siku ya kwanza alitaka kuinuka atembee kidogo ajione, na Fundi akamwambia, "Usitembee navyo, Mama, utavichafua."

Angeweza kumwambia kwamba havina skrubu. Aliona haya. Ni vigumu kumwambia mama yako kwamba unamvisha kitu cha kubandikabandika, kwa hiyo alichagua neno jepesi, akalirudia kila mara mpaka likawa sheria. Mama akaamini kwamba adui wa viatu vile ni vumbi.

Mwaka uliopita Mama aliteleza bafuni, nyonga ya kulia ikavunjika, wakamtia chuma. Alijifunza kutembea upya kama mtoto, akishika ukuta, na akaweza. Daktari aliwaambia wote wawili bila kuzunguka kwamba akianguka tena upande ule, hakuna pa kukazia chuma kingine, atakuwa mtu wa kitandani. Fundi alikuwa amembeba mama yake kwenda msalani kwa miezi mingi. Uzito haukumsumbua. Kilichomsumbua ni uso wa mama yake wakati anabebwa, uso ulioomba radhi bila kosa, na aliapa kwamba hataki kuuona tena maishani.

Akaweka kopo la gundi chini, akachungulia kwa jirani. Jirani alikuwa mshonaji aliyeitwa Pini, kwa wembamba wake na kwa maneno yake pia.

"Mama amepita hapa?"

"Amepita ulipokwenda kununua gundi. Alivyopendeza, nikamwuliza harusi ni ya nani. Akaniambia anakwenda kuonana na mtu wa rika lake."

"Miguuni alivaa nini?"

"Ndala. Ila alikuwa na mfuko." Pini akaacha kukanyaga cherehani. "Kuna nini, mwenzangu? Mbona umebadilika rangi?"

Fundi akalirudia neno hilo kichwani. Mtu wa rika lake. Siku ile Mkwe alikuwa anakuja kufungua duka la vipodozi kwenye jengo kubwa la maduka, ghorofa ya juu, na kusalimiana na mashabiki. Wiki nzima Mama alikuwa akilizungukazunguka jambo hilo. "Nasikia Mkwe anakuja," anasema huku anachambua mboga. "Ati anashikana mikono na kila mtu." Na Fundi, kichwa kimeinamia kazi, alimjibu, "Umati ule si wako, Mama. Tutamwona kwenye televisheni." Mama hakubishana. Fundi alipaswa kujua hapo hapo, kwa sababu mama yake si mtu wa kutobishana.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita, ikakata. Akaukimbilia mlango, akarudi kufunga, akashindwa kuuingiza ufunguo kwenye tundu la kitasa, akamwachia Pini duka wazi na kuondoka na aproni yake kifuani. Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona. Dereva alimwuliza anakwenda hospitali au wapi, maana amekaa kama mgonjwa.

Njiani ujumbe ukaingia. Mama alikuwa amemtumia picha. Miguu yake miwili, imesimama kwenye ngazi inayong'aa, viatu rangi ya damu ya mzee, na chini yake ameandika: "Nimefika. Usinune, nitavifuta vizuri."

Fundi akaikuza picha. Kiatu cha kushoto kilikuwa salama. Cha kulia, mahali kisigino kinapokutana na soli, kulikuwa na mstari mwembamba wa mwanga. Mtu mwingine angesema ni kivuli, au ni urembo. Fundi alikuwa ameviona visigino vingi vikianza kuachia, na alijua mstari ule ukitokea hatua zilizobaki si nyingi. Na ilikuwa kulia.

Aliogopa namna ambayo hakuwahi kuogopa. Alimwomba Mungu kwa haraka na bila adabu, kama mtu anayegombana na karani: wamzuie mlangoni, umati umkatishe tamaa, akutane na mtu wanayefahamiana wakae chini wapige soga. Akaandika, "Mama kaa chini hapo hapo ulipo usitembee." Ujumbe ukaenda. Haukusomwa. Mama akishatuma picha huwa anaizamisha simu kwenye kile kibegi chake chenye kila kitu, na huko hata kengele ya moto haisikiki.

Jengo lilijaa. Wanawake wa kila umri walikuwa wamefurika ukumbi wa chini, na nusu yao wamevaa viatu vya Mkwe. Visigino vya dhahabu viligonga sakafu ile laini kila upande. Wengi walivaa kazi ya mikono yake, aliitambua kwa mshono wa kidoleni. Siku nyingine moyo wake ungejaa. Sasa kila mlio wa kisigino ulimpiga kifuani. Ngazi za umeme zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya msongamano, na foleni ilipanda kwa ngazi za kawaida, ngazi pana za mawe yaliyosuguliwa mpaka unaona uso wako.

Akamwona.

Mama alikuwa amekaribia juu kabisa. Gauni la bluu, kitambaa kipya kichwani, mgongo umenyooka. Mkono mmoja ulishika kibegi, mwingine ulikuwa unamwelekezea mwanamke wa mbele yake kitu fulani, bila shaka unamtolea hadithi. Hakushika chuma cha ngazi. Mtu aliyejifunza kutembea kwa kushika ukuta alikuwa amesimama katikati ya ngazi bila kushika chochote, kwa raha zake.

Fundi alivuta pumzi aite, na sauti akaimeza. Mama akiitwa, atageuka. Kugeuka ni kuzungusha kisigino, na ndivyo yeye mwenyewe anavyovibandua: kushika, kuzungusha mara moja, basi. Neno "Mama", alilolisema tangu hajajua kusema lingine, lilikuwa ndilo lingemwangusha. Akaziba mdomo kwa kiganja.

Akaanza kupanda.

"Dada, foleni inaanzia kule."

"Samahani."

"Samahani nini? Sisi wote tumekuja kumwona."

"Mama yangu yuko pale juu."

"Hata mimi nina mama," akasema mmoja, na wengine wakacheka. Fundi akapenya chini ya mikono yao, aproni ikinasa kwenye vibegi, akikanyaga vidole na kukanyagwa. Macho hayakuacha kile kiatu cha kulia. Kila foleni iliposogea, Mama aliinua mguu, na kwa muda ule mfupi kabla haujatua Fundi hakuwa akipumua. Kisigino kilikuwa kimeinamia ndani. Sasa hata mtu asiye fundi angekiona, lakini nani anamtazama bibi wa watu miguuni wakati staa yuko karibu?

Juu milango ikafunguliwa na ukumbi mzima ukapiga kelele. Mkwe alikuwa ametoka. Foleni ikajisukuma kwa mbele kama kitu kimoja, na Mama, akicheka, akajivuta kwenye vidole vya miguu apate kuona, kisha akaanza kurudisha uzito wake wote nyuma, kwenye visigino.

Fundi akajitupa. Alianguka kifudifudi kwenye ngazi, kidevu kikagonga jiwe, na mikono yake ikavishika visigino vyote viwili na kuvikandamiza chini. Alimsikia Mama akiguna. Uzito wa mama yake ukatua juu ya vidole vyake, ukakaa.

"Nani huyo? Nani kanishika miguu?"

"Ni mimi, Mama. Usigeuke. Shika chuma hapo pembeni. Shika kwanza."

Mama akashika. Watu walionyesha vidole, wengine wakatoa simu. Mwanamke mmoja akauliza kama ni kifafa. Fundi akasogea pembeni kwa magoti huku amemshika mama yake miguu, hatua kwa hatua, mpaka Mama akaegemea ukuta, na hapo ndipo akamwomba akae. Mama akakaa kwenye ngazi, amenuna, anaona haya mbele za watu.

"Umekuja kunitia aibu? Nimekuandikia nitavifuta. Vumbi gani hilo la kumlaza mtu chini?"

Fundi akafungua mkono wa kulia. Kisigino cha dhahabu kilikuwa kwenye kiganja chake. Hakukivuta, kilikuwa kimebaki chenyewe.

Mama akakitazama. Akakichukua, akakigeuza, akaona upande wa ndani ulivyo laini, una gundi iliyokauka na hakuna kingine. Hakuwa mjinga wa kazi ya mwanawe. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti mchana mwingi akimwangalia anavyokaza skrubu.

"Hakikufungwa," akasema.

"Vya kabatini havifungwi, Mama. Ni vya picha tu. Nilikwambia usitembee navyo."

"Uliniambia uchafu."

Damu ya kidevu ilidondokea aproni. Juu yao watu walikuwa wakipiga makofi, Mkwe anasema jambo kwenye kipaza sauti, na hakuna hata mmoja kati ya wawili hawa aliyelisikia.

"Nilipanda ngazi zote hizi sikuogopa," Mama akasema taratibu. "Mimi, ninayeogopa hata kizingiti cha bafuni. Mwenzangu wa foleni ameniuliza, bibi, huogopi kuanguka? Nikamwambia hivi ni vya mwanangu, havimwangushi mtu." Akakizungusha kisigino mkononi. "Na vya hawa wote? Vya wateja navyo viko hivi?"

"Hapana, Mama. Vya wateja vina skrubu. Vyote."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama anayehakikisha hesabu.

"Kwa hiyo ni mimi tu."

Fundi alitaka kusema si hivyo, lakini ilikuwa hivyo. Akainuka ampe mkono. Mama akavua viatu vyote viwili, akavitia kwenye mfuko wa aproni ya mwanawe, akashika chuma cha ngazi, na akainuka mwenyewe.

"Usinishike," akasema, bila hasira.

Akaanza kuteremka pekupeku kwenye mawe yale ya kuteleza, mguu mmoja, kisha mwingine, akiutafuta kila mkanyago kwa vidole kabla ya kuuamini. Fundi alimfuata akiwa ameitanguliza mikono, bila kumgusa, mpaka chini.