Simu Ambayo Ardis Hakuikata

Jumanne asubuhi Ardis Tollefson alikuwa jikoni kwake Nordal, Minnesota, akimwaga supu ya uyoga ya kopo juu ya tambi, huku mpelelezi wa serikali ya shirikisho akiwa amejikunja chini ya meza akiunganisha waya za simu. Theluji ilikuwa imefika madirishani. Mpelelezi huyo, Trahan, alikuwa mtu wa Louisiana, na tangu ahamishiwe kaskazini hakuna aliyewahi kumwona bila koti.

Jambo lenyewe lilianza Jumapili, kanisani, kule chini wanakonywea kahawa baada ya ibada. Trahan alisimama mbele ya waumini akaomba msaada bila kuzungukazunguka. Wezi wa simu, alisema, wanawatafuna wazee wa wilaya hii kama karanga.

"Serikali ina mitambo, ina mahakama, ina helikopta. Lakini mkiibiwa mkanyamaza kwa aibu, sisi tunafukuza upepo tu. Tuambieni, jamani!"

Lavonne Hegstad, jirani wa Ardis wa ng'ambo ya barabara, alijiinua kitini. Ndiyo, yeye wamemwibia. Akiba ya paa imekwenda, na ya mazishi yake pia. Trahan alimwuliza kwa upole kwa nini hakukata simu alipoanza kushuku.

"Nimkatie? Na alikuwa bado anaongea?"

Ukumbi mzima ukaitikia kwa vichwa. Nordal hakatiwi mtu simu, hata awe nani. Kuaga tu kunakula saa nzima: unasema "haya basi," unaulizia barafu ya ziwani, unasema "haya basi" tena, unaulizia goti la mtu, na mkono bado uko kwenye kitasa.

Hapo macho ya Trahan yakang'aa. Kumfuata mwizi kwenye waya kunataka muda, na kwingineko watu huwakatia wezi mapema mno. Akauliza ni nani pale mwenye maongezi marefu kuliko wote. Vidole vyote vikamwelekea Ardis, hata cha mchungaji.

Basi Jumanne hiyo simu ikalia. Trahan akagonga kichwa chini ya meza, akavaa visikizio, akamfanyia Ardis ishara ya dole gumba.

"Naitwa Kevin, kutoka idara ya usalama ya benki yako," ilisema sauti ya kijana. "Mama, akaunti yako iko hatarini."

"Ooh, pole na kazi, Kevin. Huko kuna baridi?"

"Baridi sana, mama."

"Mbona sauti yako imekauka hivyo? Umelala kweli, wewe?"

"Hapana," akasema, na kwenye mkono wa simu ikatoka harufu ya vitunguu saumu vinavyokaangwa, ikifuatwa na mbu.

Lavonne, aliyekuja na sahani ya keki, akampiga mbu yule kibao mezani. Ilikuwa Februari. Trahan akamwokota kwa kibanio, akamtia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika tarehe.

Haikuwachukua muda kuuelewa mtindo wa simu hiyo. Kijana akisoma yale maneno ya benki aliyoandikiwa, hakuna kinachopita. Akisema kweli, kitu kinapita. Aliposema kwamba aliahidiwa kazi ya hoteli, kisha pasipoti yake ikachukuliwa, mjusi alitoka akakimbilia nyuma ya friji. Alipokiri kwamba wanalala chumba kimoja chenye madirisha ya nondo, maji ya uvuguvugu yakachuruzika hadi kwenye aproni ya Ardis. Na aliposema kwamba asiyepata watu wa kutosha hupigwa nyayo, ndara moja ya plastiki ilidondoka sakafuni, ina damu.

"Msiiguse," Trahan alisema. Akatafuta mfuko mkubwa zaidi.

Kisha akaruka kama mtoto. "Tumewapata! Tumewapata, mama! Nyumba yenyewe naiona kwenye skrini, uzio nauona, ng'ambo ya mto!"

Ardis akaziba simu kwa kiganja. "Kwa hiyo mnakwenda kumtoa?"

Trahan akapoa. "Nchi ile haitufungulii mlango. Tunajua tu mahali."

"Mahali tu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitamtoa mimi." Ardis aliiondoa miwani yake, akaisogeza simu karibu. "Kevin, mwanangu, hasa hasa unaitwa nani?"

"Tilak," kijana alinong'ona. "Tilak Rai. Mama yangu yuko nyumbani, Dhankuta, anadhani nimekufa."

Vidole vinne vikachomoza kwenye simu.

"Njoo, mwanangu, njoo! Huku hakuna atakayekufunga wala kukupiga. Nakuahidi mimi!"

Akavuta. Lavonne akamshika Ardis kiuno, Trahan akamshika Lavonne. "Vuta, shoga!" "Navuta, mgongo wangu huo!" "Usimwachie!" Mabega yakapita. Kichwa kikakwama kwa sababu ya visikizio alivyovaa, na wote watatu wakapiga kelele kwa pamoja avivue vidude hivyo. Akavivua. Wakaanguka chali, na Tilak Rai akawa juu ya sakafu ya jikoni ya Ardis, peku mguu mmoja, anahema. Wakacheka mpaka wakalia. Trahan alimkumbatia Lavonne, tena bila kuombwa.

Ardis akamvisha kijana koti la marehemu mumewe. Akampakulia tambi. Tilak akakataa, kama ilivyo adabu kwao. Ardis akamsihi, akakataa. Akamsihi tena, akakataa, kama ilivyo adabu Nordal pia. Mara iliyofuata alikula sahani tatu.

Lavonne alikuwa amemtambua kwa sauti. "Ni wewe uliyekula paa langu."

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Lavonne aliangalia nyayo za kijana. "Kula kwanza," akasema, akamsogezea keki.

Trahan alitoka barazani kuwapigia wakubwa zake. Aliporudi hakumtazama mtu usoni, na mkononi alikuwa na pingu.

"Wanashangilia," alisema. "Miaka yote hii hatujawahi kumshika hata mmoja kwa mkono."

"Nimemwahidi, Trahan. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, mama. Lakini Bi Lavonne ameibiwa kwa sauti hii, na mimi mwenyewe nimeirekodi."

"Na mwenye uzio je?"

"Huyo hapigi simu. Hatuna pa kumvutia."

Lavonne alisema yeye anafuta mashtaka yake, tena sasa hivi. Trahan akamweleza kwamba si mashtaka yake tena, ni ya serikali. Tilak alikuwa ameshanyoosha mikono, haraka, kama mtu aliyezoea. Aliuliza tu kama koti anaweza kubaki nalo.

Mkono wa simu ulikuwa bado unaning'inia kwenye waya, maana hakuna aliyeikata simu. Ukaongea.

"Halo? Naitwa Kevin, kutoka idara ya usalama ya benki yako."

Sauti hii ilikuwa ya mtoto zaidi. Tilak aligeuka mlangoni. "Wamemkalisha kwenye kiti changu," alisema.

Trahan, huku amemshika Tilak kiwiko, alimwonyesha Ardis simu kwa kidevu: endelea naye, tafadhali, usimwachie. Ardis aliinua simu. Alikaa nayo sikioni bila kusema, na hilo halikuwahi kutokea Nordal.

"Umekula, mwanangu?" aliuliza mwishowe.

"Nimekula, mama. Nimeshiba."

Ardis alikinga kiganja chini ya simu, akangoja. Hakikutoka kitu.