Mbegu Zilizokaushwa kwa Moshi

Mama Pacha alikuwa uani akipukuchua mahindi mama mkwe wake alipopiga hodi. Mama mkwe alikuwa marehemu, lakini kila mavuno alirudi kuchagua mbegu, kwa sababu kazi hiyo hakumwamini mtu. Akaketi, akavuta ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pacha hawajambo?"

"Hawajambo. Wameshiba."

Kushiba huko kulikuwa kugeni. Mwaka uliopita viwavi waliimaliza mbegu ya mama mkwe yote, pacha wakawa wanalamba sufuria tupu. Bwana shamba akaleta mbegu iliyotengenezwa maabarani, ambayo kiwavi akiionja anakufa. Mama Pacha hakujiuliza mara mbili. Nani angejiuliza, watoto wanalia? Sharti lilikuwa moja: asiweke mbegu, kila msimu akachukue dukani.

Mama mkwe aligeuza hindi, akaliweka, akachukua lingine. Siku zote alichagua yenye mistari iliyonyooka, akatoa punje za katikati tu, akazitundika juu ya moshi wa jikoni. Leo yote yalikuwa sawasawa, punje kwa punje.

"Sasa hapa nichague nini?"

Aliondoka mapema. Kesho yake alikuja bila miguu, akasema haoni haja ya kuichosha kwa safari ya bure. Mama Pacha akaingiwa na hofu. Mumewe alikwenda kutafuta kazi, akapotelea hukohuko. Huyu marehemu ndiye mtu mzima pekee aliyekuwa akimuuliza amelalaje, na Mama Pacha alimpenda, basi.

Kwa hiyo akaokota vijiwe barabarani, akavichanganya na mahindi kwenye ungo.

Mama mkwe alipepeta kidogo, akacheka. "We mtoto! Haya mawe umeyatia wewe."

"Ndiyo, mama. Nilitaka ukae."

Mama mkwe aliuvuta ungo karibu. Kisha akaanza kuchagua, na alichokichagua ni mawe. "Haya angalau hayafanani," alisema. Miguu yake ikarudi.

Bwana shamba alipita, akamwamkia bibi kwa heshima, akainama juu ya ungo kuona kama ni mbegu zinazochaguliwa.

"Ah, mawe. Mawe ruksa," akasema, akaenda zake.

Mawe yakatundikwa juu ya moshi mpaka yakawa meusi.

Mvua zilipoanza, Mama Pacha alipanga foleni dukani tangu alfajiri. Mbegu zikaisha kabla hajafika dirishani. Muuzaji akasema gari lingine litakuja, lini hajui, akafunga. Nyumbani mahindi yalishaliwa, hata ya kuvunjia sharti hayakuwepo.

Alimkuta mama mkwe ameshayatungua mawe, amejifunga kibwebwe.

"Chukua jembe, mwanangu. Udongo unakauka."

Wakapanda, mmoja akichimba, mwingine akidondosha na kufukia kwa mguu. Mistari ilinyooka vizuri. Mama Pacha alikuwa akilia, ila hakusimamisha jembe. Pacha walikuja wakauliza yataiva lini, maana wana njaa. Mama mkwe akawaambia wasimame pembeni, wasije wakayakanyaga.