Mashine ya Tatu

Bendi ya binti yangu ilianza na watu watatu na kelele za watu thelathini. Walifanyia mazoezi kwenye stoo iliyo nyuma ya duka langu la kufulia nguo, kwa sababu kwingine kote walishafukuzwa. Binti alipiga gitaa la besi. Fundi simu wa mtaa wa pili alipiga gitaa na kuimba. Dramu zilikuwa za mpwa wangu, tunayemwita Nyundo. Muziki wa panki, waliniambia. Nyimbo za dakika mbili, zote mbio kama zimekoswakoswa na mbwa.

Upande wa pili wa ukuta ilikaa mashine yangu ya tatu. Springi zake zilikuwa zimechoka. Kila ilipokamua iligonga ukuta: du, kimya, du-du. Nyundo alishindwa kushindana nayo, akaanza kuifuata. Kufikia mwaka wa pili nyimbo zilikuwa zimepunguza mwendo. Besi ilikuja mbele, gitaa likabaki kukwaruza kwa mbali, na fundi simu akaacha kupayuka, akawa anayatamka maneno kama mtu anayesoma risiti. Vijana wakaanza kuja, kumi, kisha arobaini, wamevaa nyeusi, wanatikisa vichwa katikati ya vikapu vya nguo chafu. Hakuna redio hata moja iliyowataka.

Kisha mwenye studio mmoja akaahidi kuja Jumamosi kuwasikiliza. Fundi simu alikuwa ameshapata kazi mji mwingine.

"Huyu akikataa, mama, bendi imekwisha," binti aliniambia.

Mimi, nisije nikaaibika mbele ya mgeni, Ijumaa nikaita fundi wa mashine. Akabadilisha springi zote. Ikakamua kimya kama paka.

Jumamosi Nyundo alipotea kwenye wimbo wa kwanza. Kwenye wa pili akapotea zaidi.

"We Nyundo, umelala?" fundi simu alifoka.

"Mashine siisikii!"

Binti akatokeza dukani. "Mama, umeifanya nini?"

"Nimeitengeneza."

"Nani alikutuma?"

"Usinipandishie sauti dukani kwangu."

Nyuma yake nilimwona mwenye studio akiokota kofia yake.

Aliyewahi kufulia watu anajua hili: blanketi zito likiwa peke yake hujikunja upande mmoja, na mashine hata iwe mpya itaruka tu. Rafuni palikuwa na blanketi moja, la mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Lilikuwa limeshafuliwa na kukunjwa. Nikalilowesha upya, nikalitupia ndani, nikawasha.

Du, kimya, du-du. Ilichelewa kidogo kuliko zamani. Nyundo akachelewa nayo, besi ikaingia katika ile nafasi, na wimbo ukawa mwingine, bora kuliko ule wa mwanzo.

Mwenye studio akaiweka kofia chini. Baada ya nyimbo tano alisema atawarekodi, ila hapa hapa, pamoja na huyo anayegonga.

"Ni nani huyo?" akauliza.

"Blanketi," nikamjibu.

Kurekodi kulichukua siku nne, na blanketi lilizunguka siku zote nne. Fundi simu aliwaandikia waajiri wake wapya kwamba anaumwa. Siku ya tano mwalimu mkuu alikuja, akalinyanyua blanketi lake kwenye mwanga wa dirisha. Kupitia nyuzi zilizobaki alituona sote upande wa pili.

"Mama, hili ndilo langu kweli?"

"Ndilo, mwalimu. Limetakata."

Aliendelea kunitazama. Nikapanda chumbani kwangu juu ya duka, nikamletea la kitandani kwangu.