Kikohozi cha Mwalimu Solfa

Kaka yake alipozikwa, shule ilimpa wiki mbili za kulia. Wiki ya tatu mkuu wa shule alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akamwambia kwamba somo la teknolojia ya muziki halina mwalimu na kidato cha nne wana mtihani mwisho wa mwaka.

"Mimi ni mwalimu wa historia, mkuu."

"Najua. Lakini damu ni moja. Kipaji cha marehemu hakiwezi kuwa mbali na wewe."

Damu ilikuwa moja kweli, ila kipaji kiliishia kwa kaka. Wanafunzi walikuwa wakimwita Solfa, maana hata akikukemea koridoni alikukemea kwa sauti inayopanda na kushuka. Dada mtu walimwita Bi Tarehe. Huyu hata kupiga makofi kwa mpigo kulimshinda. Kwenye sherehe alishika mkoba kwa mikono miwili ili asiombwe kupiga. Hata hivyo alikubali. Kumwachia mgeni darasa la kaka yake aliona ni sawa na kumzika mara ya pili.

Mkuu akamwandikisha kwenye mafunzo ya kurekodi na kuhariri sauti, na barua ya mafunzo hayo ilimtaka kila mwalimu aje na rekodi mbichi kutoka shuleni kwake, ambayo haijasafishwa. Rekodi za Solfa zote zilikuwa zimefutwa kwenye kompyuta ya shule ilipopelekwa kwa fundi, ikabaki moja tu ya mazoezi ya kwaya, kwenye flashi yake. Flashi ilikuwa kwa mjane wake.

Wifi alikuwa fundi cherehani. Alimpokea Bi Tarehe akiwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja akazichomeka kwenye kola ya shati alilokuwa akishona, ndipo akaingia ndani na kurudi na flashi.

"Ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake," alisema. "Mimi kompyuta sina, sijaisikiliza. Lakini najua yumo. Mume wangu kwenye mazoezi alikuwa hanyamazi. Niwekee kwenye simu, wifi yangu. Sitaki wimbo, namtaka yeye."

"Nitakuwekea. Tena kabla sijaigusa."

Mafunzo yalikuwa ya siku tano, wakati wa likizo, katika chuo cha ualimu. Chumba cha kompyuta kilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kusuasua, na madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe hadi nusu, ukikaa huoni nje. Kompyuta zilikuwa kumi na mbili, mbili zimebandikwa karatasi ya "MBOVU". Ukutani palikuwa na karatasi nyingine: "WIFI HAIPO." Bi Tarehe aliisoma kama dada wa marehemu anavyosoma neno hilo, akacheka peke yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu msiba.

Walimu walikuwa kumi. Alikuwepo wa hisabati, wa kilimo, na wa dini ambaye alisema wazi kwamba aliteuliwa kwa sababu simu yake ilikuwa kubwa kuliko za wenzake. Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi aliyefanya kazi studio miaka mingi. Aliongea taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

"Msione haya, hapa wote ni wageni," alisema. "Sheria ni moja tu. Kabla hujakata chochote, tengeneza kopi. Ile ya asili usiiguse."

Bi Tarehe aliiandika sheria hiyo kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri, akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Miaka kumi na tisa ya ualimu ilimzoesha hivyo: jambo likishaandikwa, limeshafanyika. Kisha umeme ukakatika. Uliporudi, mkufunzi akawa anakimbia kutoka kiti hadi kiti, kila mtu anamwita, na Bi Tarehe akafungua rekodi moja kwa moja kutoka kwenye flashi.

Akavaa hedifoni, na kaka yake akaanza kusema katikati ya kichwa chake.

"Sauti ya pili, mnalala! Mmekula nini leo, mawe?" Watoto wakacheka. "Haya, moja, mbili, vuta pumzi..."

Hapo akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, kikafuatiwa na mlio wa kiti kinachovutwa. "Vumbi la chaki hili," alisema kaka yake kwa sauti ndogo. "Tena, kutoka juu."

Halikuwa vumbi la chaki. Miezi mitano baadaye walimzika.

Rekodi ilikuwa ya dakika kumi na nane. Kwenye skrini wimbo ulionekana kama vilima, na kila kikohozi kama miba iliyosimama. Alihesabu vikohozi ishirini na sita. Siku ya pili mkufunzi alipowafundisha kukata, alichagua kimoja, akabonyeza, kikatoweka. Pande mbili za wimbo zikakutana, kama vile hakuna mtu aliyewahi kuumwa. Kifua chake kikawa chepesi, wepesi ambao hakuupata hata alipolia. Akakata cha pili. Akakata cha tatu.

Kufikia Alhamisi miba yote ilikuwa imekwisha. Akakata na maneno pia, kwa kuwa zoezi lilitaka wimbo mtupu. Kila jioni, alipofunga kazi, programu ilimuuliza kama abadilishe faili la zamani kwa jipya, naye kila jioni alibonyeza "Ndiyo" huku anatafuta mkoba wake. Ile ahadi aliyompa wifi aliikumbuka mara mbili, na mara zote mbili aliiambia kesho.

Ijumaa asubuhi mkufunzi aliunganisha kompyuta ya Bi Tarehe kwenye spika. Watoto wa kidato cha tatu wakaimba katika chumba kile, safi, sauti nne, bila kelele hata moja. Walimu wakapiga makofi.

"Mwalimu, ulikuwa unatuficha!" alisema wa hisabati.

Wakati wa chai alibaki ndani ili atimize ahadi. Akafungua flashi. Faili lilikuwa moja tu. Urefu wake ulikuwa dakika nne na sekunde kumi. Akalicheza, wakaimba watoto. Akalifunga, akalifungua tena, wakaimba watoto.

Mkufunzi aliporudi alimkuta amekaa mikono imelala mapajani.

"Ulifanyia kazi kopi?" aliuliza. Alivuta kiti, akahangaika na flashi ile saa mbili nzima bila kwenda kula. "Umeandika juu yake siku tatu mfululizo, mwalimu wangu," alisema mwishoni. "Kilichobaki ni kipande cha sekunde sita. Hakina neno."

"Niwekee hivyo hivyo."

Mwalimu wa dini alimsindikiza hadi getini, akasimuliwa ile ahadi ya wifi. "Mwambie flashi iliingia virusi," alimnong'oneza. "Uongo wa kumponya mtu si dhambi kubwa." Bi Tarehe aliubeba ushauri huo njia nzima, na usingizini alikuwa nao.

Jumamosi asubuhi alimkuta wifi akipiga pindo. Akamwambia akiwa bado amesimama mlangoni, maana alijua akikaa hatasema. Cherehani ilinyamaza.

"Yote?" aliuliza wifi.

"Yote."

"Bahati mbaya?"

Neno hilo lilikuwa limewekwa mbele yake tayari, kazi yake ilikuwa kuliokota tu.

"Kuifuta kulikuwa bahati mbaya," alisema. "Kukata hakukuwa bahati mbaya. Sikutaka kumsikia akikohoa."

"Hilo najua. Hata alipokuwa hai, akianza kukohoa tu ulikuwa unaaga." Wifi alisema bila kupandisha sauti, na ndiyo maana yalimchoma zaidi. "Mimi nilikuwa nakaa. Usiku kucha nilikaa. Kwangu mimi kile kikohozi ni yeye."

Bi Tarehe akatoa simu, akamsikilizisha zile sekunde sita. Wifi aliibana sikioni, akasikiliza, akairudisha mwanzo, akasikiliza tena, na mara ya tatu akafumba macho.

"Kiti," alisema, akamrudishia simu. "Ni kiti tu kinavutwa." Kisha akasogeza vitambaa kwenye benchi. "Kaa hapo. Wewe ndiye wa mwisho kumsikia. Niambie alichosema, tangu mwanzo."

Bi Tarehe alikaa, akamwambia. Alimwambia kuhusu sauti ya pili kulala, na mawe, na vumbi la chaki. Alimwambia alivyomtania mtoto mmoja kwamba anaimba kama anayedai chenji. Alikumbuka mengi, kwa kuwa alikuwa ameyasikiliza mara nyingi ili ajue pa kukatia. Wifi aliyafuata kwa midomo bila kutoa sauti. Alipofika pale kaka yake aliposema "tena, kutoka juu", Bi Tarehe alijaribu kupandisha na kushusha kama yeye.

"Basi," alisema wifi, mkono juu. "Basi, inatosha. Nimeanza kumsikia kwa sauti yako."

Akageukia cherehani, akakanyaga. Bi Tarehe alisubiri kidogo, halafu akaondoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Shule zilipofunguliwa alisimama mbele ya darasa la Solfa akafundisha, akikosea na kuuliza. Mtihani ulipokuja wengi walifaulu, ingawa si kwa alama za wakati wa kaka yake, na mkuu wa shule alimshukuru mbele ya walimu wote. Wifi alikuwa akituma watoto wamsalimie shangazi yao Jumapili, yeye mwenyewe haji. Mwaka uliofuata alianza kumwitikia wakikutana njiani, kwanza kwa kichwa, baadaye kwa mdomo. Waliulizana habari za afya, za watoto, za kazi. Jina la marehemu hakuna aliyelianza.